Sauti Iliyopasuka Makusudi

Vijana wangu, ninyi mnaopita hapa na magita mgongoni mkienda mazoezi ya kwaya, na ninyi mnaokaa sokoni Kasongo mkifungua bafle za watu, yale makasha ya spika, kwa bisibisi moja, kila siku mnaniuliza habari za waya. Waya gani mzuri, gundi gani inashika, betri gani haidanganyi. Nitawaambia yote, sina siri. Macho yangu yamechoka na mkono wa kulia unatetemeka, kwa hiyo ujuzi huu haunifai tena mimi, afadhali uwafae ninyi. Lakini leo kaeni kidogo. Nataka kuwaeleza jambo ambalo nililifanyia kazi maisha yangu yote na mpaka leo linanishangaza. Nataka kuwaeleza muziki wa roki, ule wa zamani, na jinsi nilivyouona ukimwinua mtu ambaye ndugu zake walikuwa wamebaki kumlilia akiwa hai.

Najua mtacheka. Roki, huku kwetu Maniema? Mzee Alfonsi ameanza kuota mchana! Ninyi mmekua na rumba na nyimbo za kanisa, mnadhani dunia ilianza hapo. Sisi tuliokuwa vijana wakati wa suruali pana tuliuita jerk, tukaucheza mpaka viatu vikafunua midomo, na wazazi wetu wakasema tutarukwa na akili. Mimi sikurukwa na akili. Nilipata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza magita, tangu ubao mtupu hadi nyuzi. Nilijifunza kwa Mzee Ramazani, seremala, ambaye atelye yake, karakana ndogo, ilikuwa nyuma ya msikiti. Vitanda na milango alitengeneza ili ale, magita alitengeneza kwa mapenzi. Alikuwa mtu wa maneno machache na nyundo ndogo. Mtu akimletea ubao, aliugonga kwa kidole, akainamisha kichwa. Ubao ukinyamaza mara moja, alisema huo ni wa kitanda. Ukiendelea kuongea baada ya kidole kuondoka, aliuficha chini ya meza na kumwambia mwenye kitanda kwamba mbao zimekwisha.

Nyuzi tulizitoa katika waya wa breki ya baiskeli. Mnaufungua ule waya, mnatenganisha nyuzi zake moja moja, mnazipangusa kwa mafuta ya taa, kisha mnazining'inizia jiwe siku nzima zinyooke. Za sauti nene tulizitafuta katika waya wa klachi ya pikipiki. Ndiyo maana wakati ule, mtu wa Kasongo akiona baiskeli yake haishiki breki, alikuja kwanza kuangalia atelye ya Ramazani kabla ya kwenda kwa fundi wa baiskeli.

Na sauti tulipimia wapi? Ninyi mna simu. Sisi tulikuwa na mashine ya kusaga mihogo. Injini yake iliimba sauti moja tangu asubuhi, mji mzima uliisikia, na wapiga gita wote waliweka uzi wa tano sawa na injini hiyo. Ila ilikuwa na tabia yake. Ikisaga tupu, iliimba juu, na ikimwagiwa mihogo, ilishuka kama mtu aliyebebeshwa gunia. Sikukuu moja nililinganisha magita ya kwaya asubuhi, mashine ikiwa tupu. Mpigaji mmoja akachelewa, akalinganisha la kwake peke yake wakati mama mmoja anamwaga beseni zima. Walipoanza wimbo wa kuingia, padri alisimama mlangoni, hajui aingie au arudi sakristia. Tangu siku hiyo niliwafundisha wote kuchungulia kwanza kama pale mashineni kuna mwanamke mwenye beseni.

Sasa nije kwenye santuri.

Shule ya mapadri ilikuwa na mwalimu mmoja mgeni, kijana wa nywele ndefu, aliyefundisha fizikia. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, akaacha kila kitu kizito: vitabu, buti, mashine ya kupigia santuri na kasha la santuri zenyewe. Mashine ilikuwa imezimika, shule ikatuletea. Mzee akanipa niishughulikie mwenyewe, mara yangu ya kwanza kuachiwa kitu cha umeme. Nilikuta waya umeliwa na panya, nikauunga, nikachukua santuri ya juu kabisa nikaiweka.

Ngoma ziliingia, safi. Mwimbaji akaingia, safi. Halafu likaingia gita, na sauti yake ikatoka imepasuka, inakwaruza, kama bati linaloburuzwa juu ya mawe. Nikazima haraka kabla Mzee hajasikia. Nikafungua bafle, nikakuta karatasi ya spika ina mchaniko mdogo, nikaubandika kwa karatasi ya sigara na uji wa muhogo. Nikawasha. Bado inapasuka. Nikabadilisha nyaya. Bado. Nikaweka santuri nyingine, ya kwaya ya watoto, ikatoka nyeupe kama maji ya chemchemi. Nikarudisha ile ya kwanza, bati likaanza tena kuburuzwa. Jasho likanitoka, kwa sababu niliona nimeua mashine ya mapadri.

Mzee alirudi kutoka kuswali alasiri, akanikuta nimezungukwa na skrubu. Akaniambia niiweke tena. Akaketi juu ya maranda, mkono wake juu ya kasha la bafle, akasikiliza hadi mwisho bila kufumba jicho.

"Alfonsi," alisema, "hii mashini iko muzima. Ule mutu njo anaipasua sauti yake makusudi."

"Makusudi, Mzee? Juu ya nini?"

"Mimi sijui. Lakini yeye anajua. Rudisha."

Vijana, niliketi chini. Kazi yetu yote ilikuwa kufukuza makelele. Mtu alileta chombo kinachokwaruza, tukamrudishia kinachoimba, akatushukuru. Na huyu hapa, mtu wa ng'ambo, mwenye gita la dukani na vyombo ambavyo sisi hatukuwahi hata kuviota, alikuwa ameichukua sauti yake nzuri na kuichana mbele ya watu, kwa sababu alikuwa na jambo ambalo sauti nzuri haikuweza kulisema. Nilihisi nywele za mikono zimesimama. Ningali nazihisi sasa ninapowaeleza. Sikujua neno hata moja la lugha aliyoimba, lakini nilijua hasa alichokuwa anasema, na sikujua nilikijulia wapi.

Katika kasha lile kulikuwa na wimbo mmoja ambao jina lake sikulijua kamwe, maana karatasi ya katikati ya santuri ililiwa na mende. Sisi tuliuita "ule wa kusimama." Katikati yake vyombo vyote vinakatika kwa mara moja. Kimya kabisa. Mtu asiyeujua huinuka kuangalia betri. Halafu, ukiwa umekwisha kata tamaa, ngoma moja inarudi peke yake, taratibu, pigo kwa pigo, na nyuma yake linakuja lile gita lililopasuka, kubwa kuliko mwanzo. Niliusikiliza mara nyingi mno na kila mara moyo ulinipanda shingoni, ingawa nilijua ngoma itarudi.

Mzee Ramazani alifiwa na mkewe, Mama Hadija. Siku za matanga zilipopita alirudi atelye, akaketi mbele ya ubao, hakushika randa. Watu wema walikuja, wakamwambia avumilie, atulie, ashukuru. Aliwaitikia kwa adabu. Walipoondoka alinigeukia na kusema, "Weka ile ya kupasuka." Niliweka. Akakaa nayo. Ilipokwisha, alisimama, akachukua randa, akafanya kazi mpaka jioni. Kesho yake vile vile. Ikawa desturi yetu ya asubuhi: salamu, chai, sauti iliyopasuka, kisha kazi. Siku moja nilithubutu kumwuliza inamsaidia nini.

"Wote wananiambia nitulie," alisema. "Huyu haniambie nitulie. Anakaa na mimi, halafu ananisimamisha."

Baadaye nilijifunza kuipasua sauti mwenyewe. Coil, ule msokoto wa kunasa sauti, niliizungusha kwa waya mwembamba wa dinamo ya baiskeli, sumaku nikaitoa katika spika iliyokufa. Karatasi ya spika msiikate kwa wembe, mtaiua. Itoboeni kwa pini ya mshona nguo, karibu na ukingo, tundu dogo dogo, huku mkisikiliza kila mara, na msimame mapema kuliko mnavyotaka. Na bafle mliyoitoboa iwekeni mbali na ya kanisa. Mimi nilizichanganya mara moja, na mama mkubwa wa kwaya alinijia baada ya misa, kitambaa kikiwa kimemwanguka kichwani, akasema, "Alfonsi, kuna shetani ndani ya ile kitu, umutoe mbele ya Jumapili." Nilimtoa. Lakini wakati wa kutoka kanisani mkulima mmoja, ambaye mihogo yake yote ilikuwa imeoza shambani mwaka ule, alinivuta shati, akaniuliza kwa sauti ya chini kama shetani huyo anaweza kusikilizwa siku za kawaida.

Basi. Miaka ikaenda, Mzee akazikwa, redio zikawa ndogo, santuri zikahamia kwenye kaseti, kaseti zikahamia kwenye flashi kwa yule anayeuza nyimbo sokoni. Nami nilikuwa nimekwisha weka chini vyombo vyangu Zawadi alipokuja.

Zawadi mnamfahamu, ni yule mama anayeuza mawese kwenye kona ya soko. Kwao ni Kabambare, kwa Wabangubangu, aliolewa huku Kasongo. Alikuja mchana, hakuketi hata nilipompa kiti.

"Papa fundi, munisaidie. Mudogo yangu Safari iko kwangu tangu ile mvua kubwa. Hasemi. Chakula anagusa tu. Anaangalia ukuta kutoka asubuhi."

"Mimi si munganga, mwanangu."

"Munganga alisha kumuona. Alisema mwili iko muzima, tusimuache peke yake, na tumutafutie kitu alikuwa anapenda. Zamani alipenda gita sana. Njo maana nimekuja kwako."

Akanieleza yote akiwa amesimama. Safari alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Salamabila, akifanya kazi na mdogo wao wa mwisho, Faustini. Kule mmoja hushuka shimoni na nyundo na patasi, mwingine hubaki juu ameshika kamba, anasikiliza. Nyundo ikilia chini, walio juu wanaweza kupiga gumzo na kuvuta sigara, maana yule yuko mzima. Nyundo ikinyamaza, mshika kamba anainua mkono, na wote walio karibu, hata wapita njia wenye mizigo, wananyamaza ili asikie. Siku ile nyundo ya Faustini ilinyamaza. Safari akainua mkono. Watu wote wakanyamaza. Wakiwa katika kimya hicho, ardhi ikashuka. Walichimba mpaka shimo likaanza kuwatishia na wao, wakubwa wa pale wakalifunga. Faustini alibaki humo humo.

Na hapo ndipo palipokuwa na fundo, vijana. Kwao Kabambare, katika familia yao, matanga hayaondolewi mpaka yule aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho aje asimame mbele ya watu na kueleza alivyokwenda. Mwili haukuwepo, yaliyobaki yalikuwa ni maneno, na maneno alikuwa nayo Safari peke yake. Mama yao mzazi alikuwa bado anakaa kwenye mkeka wa kilio, miezi imepita, anamngoja. Safari alishindwa kwenda kwa mama. Alikimbilia kwa dada, akageukia ukuta.

"Mama atazeeka pale kwa mukeka," Zawadi alisema, "na huyu atakufa pale kwa ukuta. Nitawapoteza wote tatu."

Nilikwenda. Nilimkuta kijana mkubwa, mabega ya kazi, ameketi kitandani kama mzigo uliosahauliwa. Nikampigia rumba tamu, ile ninayojivunia. Akavuta shuka hadi kichwani. Kesho yake nikampigia wimbo wa kanisa, polepole. Akafumba macho, si kwa kusali. Nilirudi nyumbani nimefadhaika, na nilipokuwa nakunywa chai ndipo nilipoona nilichokuwa nafanya. Muziki wa furaha unamwita mtu wa huzuni kutoka mbali, unamwambia njoo, sisi tumekwisha anza. Yeye hana miguu ya kwenda. Nilikuwa kama wale watu wema waliomwambia Mzee Ramazani atulie.

Siku iliyofuata nilibeba bafle yangu niliyoitoboa, betri ya sola na flashi. Sikumsalimu kwa maneno mengi. Nikafungulia. Gita likaingia limepasuka, kuku wa Zawadi wakakimbia, na jirani akachungulia juu ya ua. Safari hakuvuta shuka. Wimbo wa pili ukapita, nikaona kidole kimoja cha mguu kinasogea, basi, kidole tu. Nilikiangalia kidole kile kama watu wanavyoangalia mtoto anayesimama mara ya kwanza. Halafu wimbo wa tatu ukaanza, na ulikuwa ule wa kusimama. Nawaapia sikuwa nimefikiri. Niliujua tangu ujana wangu, lakini kwa mazoea sikukikumbuka kimya chake.

Vyombo vikakatika.

Safari aliruka kutoka kitandani. Aliinua mkono, kiganja wazi, akituangalia mimi na Zawadi kwa macho makali ili tusipumue. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye bafle. Nikaelewa alipo: juu ya lile shimo. Nilitaka kuzima. Nilichelewa.

Ngoma ikapiga. Pigo moja. Jingine.

"Anapiga," Safari alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Salamabila. "Iko anapiga!"

Kisha gita likaja na mpasuko wake wote, naye akaanguka pale chini, akalia kwa sauti kubwa, sauti iliyochanika vile vile, hata sikuweza kutofautisha ipi inatoka kwenye bafle na ipi kwake. Zawadi alinishika ukosi wa shati.

"Papa, umemutia wazimu?"

Niliogopa, niliogopa kweli. Wimbo ulipokwisha, Safari alijifuta uso kwa shuka na kusema, "Rudisha." Tukarudisha. Kila kimya kilipofika aliinua mkono, na kila ngoma iliporudi aliutelemsha. Jua lilipoinama alimwomba dada yake ugali, akala mbele yetu na kuomba wa pili. Zawadi aliingia jikoni ili tusimwone anavyolia, lakini tulimsikia.

Baadaye sana alinieleza mwenyewe. "Papa, mimi najua Faustini alikufa. Sikuwa mujinga. Lakini masikio yangu yalibaki kule kwa shimo, yanangoja nyundo. Mutu akisema na mimi, nilitaka anyamaze ili nisikie. Ile siku kitu kilipiga. Njo masikio yakarudi."

Mimi sijui kuongeza neno hapo. Watu walioupiga wimbo ule hawakuwahi kusikia jina la Salamabila. Waliupiga katika mji wao, pengine wakicheka, pengine wakiwaza chakula cha jioni. Wakaweka kimya pale katikati kwa sababu zao, na kimya hicho kikavuka bahari, kikapita kwa mwalimu wa nywele ndefu, kikapita kwenye kasha lililoliwa na mende, kikakaa miaka yote hiyo kinamngoja kijana mmoja wa Kabambare. Nikilifikiria hilo usingizi hunipotea, na sina hamu ya kuutafuta.

Msidhani alipona siku ile. Kuna asubuhi alirudi ukutani. Siku kama hizo sikumpigia kitu, nilimwekea gita mahali mkono wake unapofika, nikaketi uani na Zawadi tukapepeta mchele. Wakati mwingine ilichukua nusu siku, kisha tulisikia uzi mmoja. Vidole vyake vilikuwa na sugu za nyundo, hatukuhitaji kuvikomaza. Hakutaka nyimbo. Alitaka uzi mnene wa waya wa klachi, na pigo lile lile, lile lile, mpaka Zawadi akasema ataenda kuishi sokoni. Lakini alikuwa anapiga yeye. Kusikiliza kulimwamsha, nakubali, ila niliona rangi ikimrudi usoni kwa kupiga, kwa sababu sasa kimya kilikuwa mikononi mwake, alikileta alipotaka na alikiondoa alipotaka. Akajifunza wimbo wote, nami nikaliunganisha gita lake na bafle ile ile.

Kilichobaki kilikuwa mama.

"Ataniuliza kama nilikuwa nashika kamba vizuri," aliniambia. "Nitasema nini, Papa? Nikifungua kinywa, sauti haitoke."

"Twende na gita," nilisema. Sikujua nasema nini. Wazee pia hubahatisha.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, mimi na makalio yangu ya uzee juu ya ile barabara ya Kabambare, bafle nimeifunga kwa kitenge na kuipakata. Kwenye kila daraja la magogo dereva aliniambia nishuke, nami nilishuka na bafle yangu kifuani. "Papa, huyo mutoto unabeba analala vizuri?" akaniuliza. Nikamwambia akiamka atajuta. Zawadi alicheka. Safari hakucheka.

Uani kwao watu walikuwa wamejaa, maana habari ilikuwa imetangulia. Mama yao alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, kichwa kimenyolewa, ameketi kwenye mkeka. Safari alipiga magoti kumsalimu. Aliitika salamu, akaacha hapo, akitazama udongo. Mzee wa familia, kaka wa marehemu baba yao, akasema kwamba aliyekuwa na Faustini amefika, basi aseme, watu wasikie. Safari akasimama. Akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Watu wakaanza kunong'ona. Zawadi akajifunika uso. Safari akanigeukia.

Niliunganisha waya na mkono huu unaotetemeka, nikaukosea mara ya kwanza, nikaunganisha tena.

Akapiga. Wazee wengine walirudi nyuma na viti vyao, mtoto mmoja akakimbilia kwa bibi yake. Wengi hawakuwa wamewahi kusikia sauti ya namna hiyo, lakini hakuna aliyeuliza maana yake. Niliona wanawake wa kilio wanaanza kuyumba kidogo, walivyoketi. Akapiga mpaka mahali pa kusimama, akazikata nyuzi kwa kiganja, akainua mkono.

Vijana waliotoka Salamabila, waliokuwa wameegemea ua, walikuwa wa kwanza kuelewa. Wakanyamaza kama waliopigwa na radi. Kisha kila mtu akanyamaza. Uani hapo palisikika tu moto chini ya sufuria. Kimya kikazidi kipimo cha wimbo, kikazidi tena, na mkono wa Safari ulikuwa bado juu, nao umeanza kutetemeka kuliko wangu. Nikajua amerudi shimoni. Nikajua tumempoteza mbele ya mama yake, na ni mimi niliyemleta.

Mama yake akainua macho kutoka kwenye udongo, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Piga, mwanangu," alisema. "Tuko tunakusikia."

Mkono ukashuka. Akapiga uzi mnene, pigo moja, jingine, kisha nyuzi zote kwa pamoja, na bafle yangu ikapasuka kwa ukubwa ambao sikuwahi kuusikia maishani mwangu. Alipiga mpaka mwisho. Akaweka gita chini, akaenda kuketi kwenye mkeka karibu na mama yake, bega kwa bega, na watu wakasogea kumsikiliza.

"Mama," alisema, "ile asubuhi Faustini aliamuka anacheka."